Unajisi na Dhambi katika Mfano wa Ng'ombe Mwekundu

Katika ada zote za utakaso za Waebrania wa kale, ni chache zilizowavuta wafasiri wa Kikristo kama ile ya ng'ombe mwekundu, ielezwayo katika sura ya 19 ya kitabu cha Hesabu. Ng'ombe jike asiye na ila, asiyepata kutiwa nira, alichinjwa nje ya kambi, akateketezwa pamoja na mti wa mwerezi, hisopo na sufu nyekundu. Majivu yake yalitiwa katika maji, akanyunyiziwa mtu aliyegusa maiti, siku ya tatu na siku ya saba. Wafasiri wakaona damu katika wekundu, msalaba katika mti, na Golgotha katika hiyo nje ya kambi. Mafananisho haya yana uzuri wake. Lakini uzuri wa mfano si ushahidi wa usahihi wake. Hapana budi kuupima kwa ada yenyewe.

Waraka uitwao wa Barnaba, ulioandikwa baada ya kubomolewa Hekalu mwaka 70, unakitafutia karibu kila kitu maana yake. Ng'ombe ni Yesu. Wamchinjao ni watu waliojaa dhambi. Wavulana wanyunyizao maji ni wahubiri wa Injili. Wavulana hao hawamo katika Hesabu, walakini hawakutoka hewani: Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, yataja watoto waliolelewa Yerusalemu mbali na makaburi ili wateke maji ya ada hiyo. Kosa la Barnaba ni jingine. Torati yataka kuhani amtoe ng'ombe, na mtu safi ayakusanye majivu. Yeye aweka wenye dhambi mahali pa mtumishi aliye safi. Ada ya kuondoa unajisi imegeuzwa kuwa hadithi ya uovu na waovu.

Waraka kwa Waebrania hutenda vingine. Si kwamba wafuata kila herufi ya Torati, maana waingiza maji, sufu nyekundu na hisopo katika agano la Sinai, ambako kitabu cha Kutoka hakivitaji. Lakini majivu ya ng'ombe wayataja mara moja tu, tena kwa hoja iliyo wazi: ikiwa hayo huutakasa mwili, je, si zaidi damu ya Kristo kuitakasa dhamiri? Hoja hii haisimami ila kwa kukubali kwanza kwamba ada ya kale ilifaa mahali pake. Mwili ni mwili, dhamiri ni dhamiri. Mfano wavuka kutoka kimoja hata kingine bila kuvichanganya.

Tofauti hiyo si ndogo. Aliyemzika babaye alinajisika, wala hakukosa, alitimiza wajibu. Mama aliyejifungua, kwa sheria ya sura ya 12 ya Mambo ya Walawi, alileta kinda la njiwa au hua, wala kuzaa si dhambi. Kinda hilo huitwa kwa Kiebrania *hattat*, na ng'ombe mwekundu aitwa vivyo hivyo. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 husema "sadaka ya dhambi". Mwaka 1971 Jacob Milgrom alitoa hoja kwamba maana yake hasa ni sadaka ya kutakasa. Na mwaka 1981 akaeleza kwa njia hiyo fumbo la kale la ada hii: kwa nini majivu yamtakasayo najisi humnajisi yule ayatengenezaye. Sadaka hiyo huupokea unajisi wa mwingine. Hapo ndipo mfano wa Kikristo ungalipata nguvu kubwa kuliko katika rangi na mti, na hapo ndipo Barnaba alipopapita bila kupatazama.

Kiswahili hakikosi neno la kuihifadhi tofauti hii. "Tohara", lililotoka katika Kiarabu, lina shina moja na neno la Kiebrania la usafi wa ibada. Wengi leo hulijua kwa maana ya jando tu. Lakini Mwislamu wa pwani aliyetokwa na tohara huoga au hutawadha, wala hahesabiwi kwa sababu hiyo kuwa ametenda dhambi. Msomaji wa namna hiyo angaliufahamu Walawi mara moja, lau si "sadaka ya dhambi" iliyomfungia mlango.

Kwa hiyo hukumu juu ya mfano wa Kikristo haitegemei wingi wa vitu vilivyofananishwa. Mfano ni mzuri ukimwacha mama mzazi na mzishi wa maiti jinsi Torati ilivyowaona: watu wanaohitaji maji, si watu wanaohitaji msamaha. Ukiwafanya wakosaji ili Mwokozi wao atukuke zaidi, umewaongezea mzigo ambao hata sheria ya kale haikuwatwika.