Uteuzi wa Usanifu wa Jaribio katika Utafiti wa Saikolojia: Uhakiki wa Utafiti wa Bagamoyo wa 2002

1.0 Utangulizi

Mwaka 2002 jarida la Intelligence lilichapisha utafiti wa Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwamo Ngorosho, Tantufuye na Mbise, kuhusu uwezo wa kiakili wa watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo, mji wa pwani ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Uhakiki huu unautazama utafiti huo kwa upande wa usanifu wake. Hoja inayotetewa ni kwamba usanifu wa jaribio huteuliwa kwa kufuata swali la utafiti, na kwamba usanifu wa Bagamoyo ulijibu kwa uthabiti swali moja na kuliacha jingine nusu. Jambo hili si la kimbinu tu. Mtoto akipimwa kwa usanifu usiofaa, alama yake hugeuka kuwa hukumu juu ya akili yake, na hukumu hiyo humfuata darasani.

2.0 Usanifu Uliotumika

Watoto 458 wenye umri wa miaka 11 hadi 13 walishiriki: 358 katika kundi la jaribio na 100 katika kundi linganishi. Wote walipewa kazi za aina tatu, yaani kufikia hitimisho kutokana na kauli zilizotolewa, kuainisha vitu kwa makundi, na kutambua kitu kilichokusudiwa kwa kuuliza maswali. Baada ya kipimo cha awali, kundi la jaribio lilifunzwa kwa muda mfupi mbinu za kuzikabili kazi hizo, kisha likapimwa tena. Kundi linganishi lilipimwa mara mbili bila mafunzo.

Msingi wa uteuzi huu ni dhana kwamba kipimo cha mara moja huchanganya uwezo wa mtoto na mazoea yake ya kupimwa. Kwa mtoto wa Pwani dhana hiyo ina mashiko. Katika kitendawili, mkubwa hutega na mtoto hutegua. Akishindwa, hutoa mji na kuambiwa jibu. Katika kazi ya tatu mambo yamepinduliwa: jibu analo mkubwa, na mtoto ndiye anayepaswa kumhoji mpaka alipate. Mtoto aliyelelewa kutomhoji mkubwa huenda akanyamaza kwa adabu, na ukimya huo ukahesabiwa kuwa upungufu wa akili. Mafunzo mafupi yalikusudiwa kuondoa kizuizi cha namna hiyo kabla ya kupima tena.

3.0 Nguvu ya Kundi Linganishi

Kundi la jaribio lilipata maendeleo makubwa kuliko kundi linganishi. Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi umo katika uwiano kati ya kipimo cha awali na cha mwisho. Katika kundi la jaribio uwiano huo ulikuwa takriban 0.3, katika kundi linganishi ulikuwa takriban 0.8. Lau watafiti wangetumia kundi moja tu, usanifu unaomvutia mtafiti mwenye muda na fedha chache, uwiano wa 0.3 ungeweza kufasiriwa kwa namna mbili zinazopingana: ama mafunzo yalibadili mpangilio wa watoto, ama kipimo chenyewe kilikuwa kibovu kiasi cha kutoa alama za kubahatisha. Uwiano wa 0.8 unaidhoofisha sana tafsiri ya pili. Kipimo kilikuwa thabiti. Kilichobadilika ni nafasi ya watoto baada ya kufunzwa.

Hapa pana funzo linalopaswa kuzingatiwa na kila mtafiti wa vipimo: uthabiti si uhalali. Kipimo kisichoambatana na mafunzo kiliwapanga watoto kwa mpangilio uleule mara mbili, lakini mpangilio huo haukudumu mara walipoelekezwa. Kipimo kinaweza kurudia kosa lilelile kwa uaminifu mkubwa. Zaidi ya hayo, alama za baada ya mafunzo zilitabiri utendaji wa watoto katika kazi nyingine za kiakili vizuri zaidi kuliko alama za awali.

4.0 Udhaifu wa Usanifu

Udhaifu wa kwanza unatokana na dhana yenyewe ya utafiti. Ikiwa mtoto hana mazoea ya kupimwa, basi kipimo cha awali nacho ni somo. Kundi linganishi huonyesha athari ya kurudia kipimo peke yake, lakini haliwezi kuonyesha kama mafunzo yalifaulu kwa sababu tu yalitanguliwa na kipimo kilichomwandaa mtoto. Usanifu wa makundi manne uliopendekezwa na Richard Solomon mwaka 1949 hulitatua tatizo hili kwa kuongeza makundi mawili yasiyopimwa mwanzoni, moja likifunzwa na jingine lisifunzwe. Usanifu huo nao una gharama. Watoto 458 wakigawanywa sawa, kila kundi lingekuwa na watoto takriban 114, na nusu yao wasingekuwa na alama ya awali. Kwa hiyo ulinganisho wa 0.3 na 0.8 ungesimama juu ya idadi ndogo zaidi. Anayeuliza kama mpangilio wa watoto hubadilika anatoshelezwa na makundi mawili. Anayeuliza chanzo cha maendeleo anahitaji manne.

Udhaifu wa pili unahusu kizio cha ugawaji. Watoto wa kijiji kimoja hukaa dawati moja na kurudi nyumbani kwa njia moja. Mbinu ya kuuliza maswali huweza kuhama mchezoni kutoka kwa aliyefunzwa kwenda kwa asiyefunzwa, na tofauti baina ya makundi ikafifia. Katika utafiti wa dawa za minyoo wilayani Busia, Kenya, Miguel na Kremer (2004) waligawa shule 75 badala ya mtoto mmojammoja, kwa kuwa tiba ya mmoja hupunguza maambukizi kwa wenzake. Maarifa nayo huambukizana. Ugawaji kwa shule hulinda mipaka ya makundi, ila hudai shule nyingi, kwani watoto wa shule moja hufanana.

Udhaifu wa tatu ni kwamba aliyefunzwa hupata pia muda wa kuzungumza na mkubwa anayemsikiliza. Ili kutenganisha mafunzo na uangalizi huo, kundi linganishi linahitaji kupewa shughuli nyingine ya muda uleule, kama kusimuliwa hadithi, kisha nalo lifunzwe utafiti unapokamilika ili lisinyimwe manufaa.

5.0 Hitimisho

Utafiti wa Bagamoyo unathibitisha kwamba mpangilio wa watoto katika kipimo cha mara moja si kauli ya mwisho juu ya akili zao, na uthibitisho huo unategemea watoto 100 ambao hawakufunzwa. Hauthibitishi kwamba mafunzo peke yake ndiyo yaliyoleta maendeleo yote. Mtafiti atakayerejea Pwani na swali hilo la pili anapaswa kuteua makundi manne, kugawa kwa shule pale idadi inaporuhusu, na kueleza katika sura ya mbinu ni tafsiri ipi pinzani ambayo kila kundi limewekwa kuikanusha. Kundi lisilo na tafsiri ya kukanusha huongeza idadi tu, wala haliongezi ushahidi.