Mistari ya Flint

Bloku ya injini ya Chevrolet V8 ndogo, ile iliyoanza kutoka na magari ya mwaka 1955, ina kibapa kidogo cha chuma mbele ya safu ya silinda za kulia. Silinda hedi haikifuniki. Inaishia ukingoni mwake. Upana wake ni kama wa vidole viwili, na kwa uendeshaji wa injini hakina msaada wowote: hakipitishi maji wala mafuta, hakibani kitu. Lakini ukimwona mnunuzi wa Corvette ya zamani, gari la spoti la Chevrolet, amefungua boneti, tochi mkononi, ameinama kati ya pampu ya maji na hedi, jua anakitafuta hicho.

Hapo ndipo namba zilipogongwa, mara mbili, katika miji miwili. Chukua Corvette ya 1967. Namba za kwanza ziligongwa Flint, Michigan, injini ilipokamilika: herufi V ya kiwanda hicho, tarakimu mbili za mwezi, mbili za siku, kisha herufi zinazotaja aina ya injini. HT, kwa mwaka huo, ni injini ya inchi za ujazo 327 yenye nguvu farasi 350. Injini ikasafirishwa hadi St. Louis, Missouri, zilikounganishwa Corvette za enzi hiyo, na huko mtu mwingine akagonga namba ya mfuatano ya gari lenyewe. Herufi za chuma zilipangwa kwenye kishikio, nyundo ikashuka. Ndiyo maana tarakimu moja imezama na jirani yake imegusa juujuu, na safu nzima huenda imekaa upande. Mtu anayekimbizana na magari yanayosogea hana muda wa kupamba mwandiko.

Sisi tulionunua magari yaliyotumika tunaijua nusu ya habari hii. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Mkaguzi hufuta grisi kwa kitambaa, akailinganisha, na ikilingana yameisha. Kwa wapenzi wa Corvette hapo ndipo mjadala unapoanza, kwa sababu namba yoyote inaweza kugongwa upya na mtu mwenye seti ya herufi za chuma na tamaa ya fedha. Wao hutazama kilicho chini ya namba.

Kiwandani, uso wa juu wa bloku ulirandwa kwa mashine ya brochi. Ni chuma kirefu chenye safu za meno, kila safu ikiizidi iliyotangulia kidogo sana, nacho hupita juu ya bloku mara moja na kazi ikawa imekwisha. Kiliacha mistari myembamba iliyonyooka, kutoka mbele kwenda nyuma ya injini, kama alama za chanuo kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Kibapa kilirandwa pamoja na uso huo, kwa hiyo kina mistari ileile, na namba ziligongwa juu yake baadaye. Mashine nyingi za karakana za leo hukata kwa kisu kinachozunguka, nacho huacha mapinde. Kioo cha kukuzia kikionyesha mapinde chini ya tarehe inayodaiwa kuwa ya Flint, bei ya gari hushuka papo hapo. Waamuzi wa NCRS, chama cha warekebishaji wa Corvette kilichoanzishwa Marekani mwaka 1974, huikagua mistari hiyo kwa makini yaleyale wanayoikagulia namba. Hakuna aliyeiweka iwe ushahidi. Ilikuwa mabaki ya kazi tu. Ndiyo sababu naiamini kuliko namba zenyewe.

Sasa injini hiyo ikifika kwa fundi mchongaji, taabu inaanza. Joto la miaka mingi limepinda uso wa bloku, kutu imekula kandokando ya matundu ya maji, gasketi haikai. Dawa inayojulikana ni kuskimu: kukata uso mzima hadi unyooke. Mara nyingi kinachoondolewa ni sehemu ya kumi ya milimita, au mbili. Lakini kina cha namba nacho si kikubwa, na kibapa kiko usawa mmoja na uso unaokatwa. Kisu kikipita mara moja au mbili, Flint na St. Louis zimegeuka vumbi la chuma sakafuni. Kazi yenyewe itakuwa safi, na mteja asiyejua atashukuru na kulipa.

Fundi ninayemsifu huanza kwa kusita. Bloku haiendi kwenye mashine ya kurusha chembe, au kama ni lazima iende, kibapa kinazibwa kwanza. Hakuna brashi ya waya, hakuna msasa. Ni kiyeyushi na kitambaa laini mpaka rangi na grisi vitoke. Anapiga picha, taa ikiwa imelazwa pembeni ili vivuli viingie kwenye mistari. Kisha anaweka rula ya chuma juu ya uso, anapenyeza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kwa urefu, kwa upana, kwa pembe hadi pembe. Pengine anagundua mbonyeo ni mdogo kiasi cha kuvumilika, anachagua gasketi inayofaa, na bloku inaondoka bila kukatwa. Kwa maoni yangu hiyo nayo ni kazi ya kulipwa.

Ikibidi kukata, anaifunga bloku kwa kuipima kutoka kwenye mhimili wa krenki, si kutoka kwenye uso uliopinda. Injini ya V ina nyuso mbili. Mmoja ukikatwa zaidi ya mwingine, manifoldi ya hewa haitakaa sawa na mgandamizo utatofautiana kati ya silinda za kushoto na za kulia. Kisu kikubwa kinaanzia nyuma. Kikikaribia mbele kinasimamishwa, kwa sababu duara lake lingegusa kibapa kabla pembe za gasketi hazijafikiwa. Hapo anafunga kisu kidogo na kumalizia kwa mkono wa polepole, milimita kwa milimita, mpaka mahali hedi inapokomea. Mashine yenye uwezo wa kumaliza uso wote kwa dakika chache inalazimishwa kutambaa.

Kinachobaki ni kingazi kidogo kati ya uso mpya na kibapa cha zamani, ambacho ukucha unakikwaa. Wapo wateja wanaokiona ni dosari na kuomba kisawazishwe. Wapo pia wanaoleta bloku iliyokwisha kufutwa zamani, pamoja na karatasi yenye namba wanazotaka zigongwe. Kuna wanaotetea jambo hilo, kwamba gari ni lao na namba ni ile ile ya zamani. Hoja hiyo hainiingii: tarehe ikigongwa leo inadai kuwa iligongwa mwaka 1967, na atakayedanganyika ni mnunuzi wa tatu ambaye hayupo chumbani.

Fundi mwenye heshima humkatalia huyo wa pili. Wa kwanza humweleza, kisha kwenye risiti ya kazi huandika kila upande umekatwa kiasi gani, tarehe, na kwamba kibapa hakikuguswa. Injini itafunguliwa tena siku moja na fundi mwingine, naye atahitaji kujua kimebaki chuma kiasi gani kabla ya kuchagua pistoni na gasketi.