«Tutakubeba» haitoshi: milango ya restora zetu za Bukavu



Kila mwaka, kisha defanse, tunatafuta restora ya kwenda kukula pamoja. Tunauliza bei ya sahani, tunauliza kama sambaza ziko, tunauliza kama bia iko baridi. Hakuna anauliza ngazi ngapi ziko kwenye mulango. Mimi nauliza, juu natembelea kiti cha magurudumu tangu utoto.

Jibu ninalopata karibu kila pahali hapa Ibanda ni moja: «Usijali, tutakubeba.» Wanasema na roho nzuri, sikatai. Lakini tuangalie vizuri hiyo huduma. Vijana wawili wanaacha kazi yao, mumoja ananishika kwapani, mwengine kwenye magoti, kiti kinafuata nyuma. Restora nzima inageuka kuangalia. Kisha nikitaka kwenda toalete, ngazi zingine, na mulango wa sentimetre 60 wakati kiti changu kina 65. Njo maana wengi wetu tunakula bila kunywa. Mutu anapandishwa kama gunia ya muhogo, halafu faktire yake ni ileile ya wengine.

Wako wanaosema: Bukavu ni milima, tufanye nini? Hapana. Mulima ni wa Mungu. Ngazi tatu za mulangoni ni za fundi na mwenye nyumba. Wanapandisha sakafu juu maji ya mvua isiingie ndani, na hiyo sababu ni ya kweli. Lakini nani alisema kwamba pahali ilipoinuliwa hakuwezi kuwa njia ya mteremko kando ya ngazi?

Tupige hesabu. Ngazi moja ina sentimetre 15 hivi. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kwa kila sentimetre 1 ya kupanda, njia inaomba sentimetre 12 za urefu. Basi ngazi moja inaomba metre 1,8, na ngazi tatu metre 5,4. Inaweza kufuata ukuta na kupinda. Ule ubao mufupi wanaolaza juu ya ngazi siku ya feti si njia, ni mutego. Na pale ambapo parsele ni ndogo kweli, waweke meza chache chini, na menyu ileile, na toalete moja ya mulango mupana. Hiyo haiombi mufadhili kutoka Ulaya.

Sheria nayo iko. Nchi yetu iliingia mwaka 2015 katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 9 kinagusa hata nyumba za watu binafsi zinazopokea watu wote. Halafu ikafuata sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za mutu anayeishi na ulemavu. Lakini sheria haijui kushika mwiko na simenti. Nani anachora plani za hizi nyumba? Nani anazisimamia? Nani anaendesha hizo restora? Ni sisi, wenye diplome.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Mbele chama chetu kikomande sahani kwa sherehe inayokuja, wajumbe waulize mambo matatu: ngazi ni ngapi, mulango wa toalete una sentimetre ngapi, kiti kinaweza kupita katikati ya meza? Wakijibiwa «tutamubeba», waage kwa heshima, na waseme sababu, juu patroni asikie. Komande ya watu 50 ikipita mbele ya mulango wake na kuingia kwa jirani, kesho yake atamwita fundi.