Kumtambua Mshauri Nasaha Aliye Fundi

Anayetafuta mshauri nasaha mjini Sigor, au kokote kati ya Bomet na Kericho, mara nyingi huchagua kwa vitu vinavyoonekana: cheti ukutani, mvi, sauti ya upole, sifa njema kanisani. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka mtu wa kazi hii awe amesajiliwa, na usajili ni wa kuulizia kabla ya kuketi. Lakini usajili unaeleza alisomea nini; hauelezi kama wanaoingia kwake wakiwa wamelemewa wanatoka na nafuu. Naona ufundi wa mshauri unajidhihirisha mahali pamoja kuliko pengine pote: anapima hali ya mteja kikao baada ya kikao, na kipimo kikionyesha mambo yanaharibika, kuna kitu anabadilisha.

Wengi watasema mshauri mzoefu humtazama mteja usoni akajua. Ushahidi unakataa. Mwaka 2005 Corinne Hannan, Michael Lambert na wenzao nchini Marekani walichapisha utafiti ambamo washauri walitakiwa kubashiri, kati ya wateja 550, ni akina nani watakaomaliza tiba wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Walitaja 3. Waliozorota walikuwa 40, na kati ya wale 3 ni 1 tu aliyekuwemo. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2012, wataalamu 129 waliulizwa wajilinganishe na wenzao. Hakuna hata mmoja aliyejiweka chini ya wastani. Hawa si walaghai. Mteja anayezidiwa hupunguza maneno au haji tena, na anayekumbukwa ni yule aliyebaki akishukuru. Mkulima wa huku hakubali karani wa kituo cha chai amkadirie kilo kwa macho, hata karani awe mzoefu vipi, hata awe mpwa wake. Sioni kwa nini akubali kukadiriwa hivyo usingizi wake na hamu yake ya kuishi.

Kipimo chenyewe ni kitu kidogo. PHQ-9, hojaji ya sonona iliyowahi kujaribiwa magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa. Jambo ambalo halikutokea hupewa 0, linalotokea karibu kila siku hupewa 3. Jumla haizidi 27, na ikifika 10 kuna la kuchunguza. Scott Miller na Barry Duncan wana karatasi fupi zaidi, yenye mistari 4 ya sentimita 10 kila mmoja. Mteja huweka alama ya kalamu pale anapojiona yupo, na mshauri huchukua rula akapima mbele yake. Kikao kikiisha, karatasi ya pili huuliza kama alisikilizwa na kama walizungumzia alichotaka. Mimi napendelea PSYCHLOPS, inayotumika katika PM+, mpango wa vikao 5 wa Shirika la Afya Duniani uliojaribiwa kwa wanawake wa vitongoji vya Nairobi na matokeo kuchapishwa mwaka 2017. Humo mteja hutaja tatizo kwa maneno yake, kisha hulipatia tatizo hilo alama kati ya 0 na 5. Mama aliyesema hana nguvu ya kuamka kukamua ataulizwa hilohilo tena, si jingine. Jicho la mjuzi litue hapo: mshauri anayetafsiri maswali kwa Kipsigis papo kwa papo, leo hivi na wiki ijayo vile, hana alama za kulinganisha. Fundi ameyaandika, na huyasoma vilevile kila mara.

Swali la 9 la PHQ-9 ndilo mtihani mkubwa wa mshauri, maana linauliza kuhusu mawazo ya kuona heri kufa au kujidhuru. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Nani angejibu kwa uwazi? Woga kama huo hauishi kwa hukumu moja. Mshauri wa juujuu hujumlisha karatasi mteja akiwa ameshapanda boda, akaona 8, akatulia, kumbe 2 kati ya hizo ni za swali la 9. Fundi husoma jibu hilo kabla mteja hajainuka, humuuliza waziwazi, na tayari anajua atampigia nani katika Hospitali ya Rufaa ya Longisa.

Pingamizi zito ni la heshima. Ukiamkiwa Chamge unajibu Chamge mising, hata kama hukulala, na kijana hawezi kumwambia mzee kwamba saa nzima imepotea bure. Ni kweli, na ndiyo sababu alama kamili kwenye ile karatasi ya pili siku ya kwanza hazimwambii fundi chochote. Yeye huuliza ni jambo gani moja leo halikufaa, na akijibiwa hajitetei. Wengine husema namba humpunguza mtu. Namba ikichukua nafasi ya mazungumzo, wana haki. Wanaosoma tafiti watakumbusha kwamba faida ni ndogo: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 hayakupata ushahidi wa kutosha, na uchambuzi wa mwaka 2021 uliokusanya tafiti 58 na wagonjwa 21,699 uliona nafuu ndogo pamoja na kupungua kidogo kwa wanaokatiza tiba. Nakubali takwimu hizo. Karatasi haiponyi mtu, na washauri wengi hujazisha karatasi hizo wakazifungia kabatini. Lakini gharama ni dakika 5 na kurasa 2, na nafuu ndogo kwa bei hiyo si ya kudharau.

Kwa hiyo kamati ya kanisa au bodi ya shule inayotaka kuajiri mshauri imwombe aonyeshe mfululizo wa alama za mteja mmoja, jina na kila kinachomtambulisha vikiwa vimefichwa. Alama zinazoonyesha nafuu kila wiki bila kurudi nyuma hata mara moja zitiliwe shaka kwanza. Itafutwe wiki ambayo mambo yaliharibika, kisomwe alichoandika mshauri siku hiyo, kisha itazamwe kama kikao kilichofuata kilifanana na kile kilichotangulia.