Binafsi ya Mtu na Binafsi ya Kampuni

Katika tafsiri za sheria na nyaraka za ofisi, neno moja limetwishwa mizigo miwili isiyolingana. Husemwa maisha binafsi na taarifa binafsi. Kisha husemwa kampuni binafsi na sekta binafsi. Asili ya neno ni nafsi. Mtu anayo nafsi, na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 imemhifadhia maisha yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Kampuni haina nafsi ya kuaibika wala unyumba wa kusitiriwa. Hata hivyo, kwa kuitwa binafsi, imeazima stara ya mtu. Na karani akiombwa mkataba wa kampuni iliyopewa kazi ya umma, yumkini atajibu, bila ubaya wowote moyoni, kwamba hizo ni taarifa binafsi.

Kosa hilo ni letu wafasiri, si la karani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilitungwa mwaka 2016, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ya kwanza yafungua majalada. Ya pili yamkinga mtu. Zikisomwa kwa istilahi legelege, ngao ya mnyonge huokotwa na mwenye nguvu.

Zamani ilikuwa kawaida kuandika "makampuni ya watu binafsi". Ni maneno marefu, lakini yalionyesha kwamba nafsi ni ya watu. Twapendekeza yarudi.

Kuhusu viongozi, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 bado yawataka watamke mali na madeni yao. Mali ni yake kiongozi. Faragha yake siyo. Kwa hiyo twaona faragha itumike kwa mtu tu, na kinachofichwa na ofisi kiitwe siri, jina linalomlazimu mfichaji kutoa sababu.

Ugonjwa wa kiongozi aliye madarakani tuuweke wapi? Hapo wajumbe wetu wenyewe hawajapatana, nasi twangoja barua za wasomaji.