Hakimiliki si 'hatimiliki': Neno linalowapotosha waandishi

FUNGUA ukurasa wa pili wa vitabu vichache vya Kiswahili vilivyo kwenye rafu yako, pale palipo na jina la mchapishaji na mwaka wa kuchapishwa. Kimoja kitakuambia 'hakimiliki', kingine 'hatimiliki', na hata sisi wa magazetini huyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha. Si pacha. Hata undugu wao ni wa mbali.

Hati ni karatasi. Mkulima wa Kitale akitaja hatimiliki, anamaanisha cheti cha shamba kilichopigwa mhuri na ofisi ya ardhi, kile anachokificha sandukuni na kukipeleka benki akitaka mkopo. Haki unaweza kuwa nayo hata kama hujashika karatasi yoyote. Ndiyo maana silichukulii kosa hili kuwa la tahajia tu. Kila ninapokutana na waandishi chipukizi, hakosi mmoja wa kuniuliza: "Mwalimu, hatimiliki ya mashairi yangu nitaipata ofisi gani, na ni pesa ngapi?"

Jibu ni kwamba haki hiyo tayari anayo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, pamoja na marekebisho yake ya 2019, inasema haki humwangukia mtunzi papo hapo anapoiweka kazi yake katika umbo linaloshikika, liwe daftari, simu au kanda. Kujisajili na KECOBO, bodi inayosimamia hakimiliki nchini, kuna faida yake, maana siku ya kesi utakuwa na ushahidi wa jina na tarehe. Lakini usajili hauizai haki, na kutosajili hakuiui. Kwa vitabu, haki hii hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 zaidi baada ya mwaka aliofariki.

Kinacholindwa ni maneno, si wazo. Msichana anayetoroka ndoa ya mapema na kurudi kijijini akiwa daktari hana mwenyewe (na jamani, tumpumzishe kidogo msichana huyu). Yeyote anaweza kumwandikia hadithi. Sentensi zako juu yake ndizo zako. Ama hadithi uliyomsimulia rafiki mkahawani bila kuiandika popote, naye akaenda akaiandika kwa maneno yake, hiyo ni vigumu sana kuidai.

Walimu wenzangu watanisamehe hapa. Kitabu kizima cha fasihi kinachozunguka kwenye kundi la WhatsApp kama faili ya PDF ni sentensi za mtu. Sheria inaruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki na utafiti, mradi mwenye kazi atajwe, na inaruhusu mkusanyo wa shuleni kuchukua vifungu viwili vifupi kutoka kwa kazi ya mtu. Viwili, tena vifupi. Kudurufu riwaya kutoka jalada hadi jalada, eti tunakuza Kiswahili, hakumo.

Lakini uharamia tunaukemea kila siku. Kinachonikera zaidi ni kile kinachofanywa kwa kalamu na kwa hiari. Karatasi ambayo haihitajiki ili kuipata haki, inahitajika ili kuitoa. Kifungu cha 33 kinataka uhamishaji wa hakimiliki uwe kwa maandishi na utiwe sahihi na anayeitoa. Anayeitaka haki yako hana budi kukuletea karatasi.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeandika hadithi fupi alinionyesha karatasi ya aina hiyo, ya kurasa mbili, kutoka kwa mchapishaji aliyetaka kuitia hadithi yake katika diwani. Niliisoma kama ninavyosoma shairi, neno kwa neno. Mwandishi 'anauza' hadithi. Anaachilia 'haki zote, kwa lugha zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa'. Malipo ni ya mara moja. Nililitafuta neno mrabaha, sikuliona. (Neno hilo, ambalo wengine huliandika 'mrahaba', asili yake ni Kiarabu na ndani yake mna maana ya faida. Wapo waandishi wanaoishia kuitikiwa marahaba tu.)

"Kwani jina langu si litabaki?" akaniuliza. Litabaki. Haki ya kutajwa kuwa mtunzi, na ya kupinga kazi yake isivurugwe kwa namna ya kumvunjia heshima, haiwezi kuhamishwa mtunzi akiwa hai, hata awe ameuza kila kitu kingine. Lakini diwani hiyo ikiteuliwa kutahiniwa shuleni, ikatafsiriwa, hadithi yenyewe ikageuzwa filamu, atakuwa na jina lake na malipo aliyokwisha kuyala.

Kitenzi 'kuuza' ndicho ninachokilaumu. Mwenye shamba anajua tofauti ya kuuza na kukodisha, wala hatii sahihi ya kuuza shamba ili mtu alime msimu mmoja. Mwandishi naye anaweza kukodisha: kitabu hiki pekee, kwa Kiswahili pekee, kwa miaka mitano, kisha hadithi irudi nyumbani. Wanasheria huita leseni. Mimi naona 'idhini' linaeleweka zaidi, maana leseni kwa wengi wetu ni ile ya kuendeshea gari.

Mtego mwingine hauna hata karatasi. Mhariri anakupigia simu: "Ndugu, tuandikie hadithi ya maneno elfu mbili kuhusu ufisadi, tutakulipa." Kwa mujibu wa Kifungu cha 31, haki ya kazi iliyoagizwa namna hiyo huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa maoni yangu kifungu hiki kinamwonea mtunzi. Cha 33 kinadai sahihi. Cha 31 kinaridhika na kimya chake. Mpaka bunge litakapokitazama upya, dawa ni ujumbe mfupi wa baruapepe kabla ya kuanza kuandika: nimekubali kazi, hakimiliki itabaki kwangu, nanyi mna idhini ya kuichapisha katika kitabu hiki. Wakikubali, jibu lao lihifadhi.

Yule kijana alirudisha karatasi akiwa amekata 'anauza' na kuandika juu yake 'anaidhinisha', na 'haki zote' akazigeuza 'haki ya kuchapisha katika diwani hii'. Aliongeza pia mstari kuhusu mrabaha. Mhariri amemjibu kwamba suala hilo liko kwa wakubwa. Kufikia leo hakuna aliyetia sahihi.