Kivuli cha Kanjogera: Taswira ya Agathe Habyarimana katika Masimulizi ya Maziwa Makuu

Masimulizi juu ya mke wa mtawala yana mkondo uliozoeleka. Mwanamke huinuka kwa ndoa, hutawala kutoka chumbani, kisha huanguka pamoja na mumewe. Naye akishaanguka hubebeshwa lawama za utawala mzima. Makala haya yanauchunguza mkondo huo katika masimulizi yanayomhusu Agathe Kanziga, mke wa Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda. Suala hili haliko mbali na Kindu. Kuporomoka kwa utawala huo kulifika hadi Maniema, pale wakimbizi wa Kirwanda zaidi ya 100,000 walipokusanyika Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997.

Habyarimana alitwaa madaraka kijeshi tarehe 5 Julai 1973, akadai kuleta mapinduzi ya kimaadili. Mwaka 1975 aliunda MRND, chama kilichobeba neno "mapinduzi" katika jina lake. Hata hivyo, hakuwa na ukoo wenye nguvu. Mkewe ndiye aliyezaliwa katika ukoo wa watawala wa zamani wa Bushiru, kaskazini-magharibi mwa nchi. Hivyo jamaa za mke wakawa nguzo ya dola: kaka yake, Protais Zigiranyirazo, aliongoza mkoa wa Ruhengeri, na Kanali Elie Sagatwa, wa jamaa hiyo hiyo, alikuwa katibu binafsi wa rais. Kundi hilo liliitwa akazu, yaani kijumba. Mwezi Agosti 1992 Christophe Mfizi, aliyewahi kuongoza ofisi ya habari ya serikali, aliushutumu mtandao huo katika barua ya wazi, akauita "Mtandao Sifuri".

Ni katika miaka hiyo ambapo Agathe alipachikwa lakabu ya Kanjogera. Kanjogera wa historia alikuwa mke wa Mwami Kigeli IV Rwabugiri. Mwaka 1896, huko Rucunshu, yeye na kaka zake, Kabare na Ruhinankiko, walimwangusha Mwami Rutarindwa, wakamtawaza Musinga, mwanawe Kanjogera. Ufaafu wa lakabu hiyo ni dhahiri: katika visa vyote viwili mamlaka hupitia kwa mwanamke na kuwafikia kaka zake. Aidha, lakabu ina kejeli kali. Jamhuri iliyojisifu kuwa imeufuta ufalme wa Kitutsi inaambiwa kwamba imejenga baraza lake la kifalme, na kwamba ikulu yake ina malkia. Huo ni uhakiki wa kisiasa uliobanwa katika jina moja.

Lakini jina hilo hilo lina udhaifu. Linaugeuza mfumo kuwa ukatili wa moyo wa mtu mmoja. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ya Aprili hadi Julai 1994, yaliyogharimu maisha ya watu zaidi ya 800,000, yalitekelezwa na wanajeshi, wakuu wa mikoa na wilaya, wanamgambo na watangazaji wa redio RTLM. Agathe aliondolewa nchini na Wafaransa tarehe 9 Aprili, siku tatu baada ya ndege ya mumewe kudunguliwa. Kijumba hakiwezi kuwameza watendaji wote hao.

Mwenyewe amejieleza kama mama wa nyumbani, asiye na habari za siasa. Mtu anaweza kudhani kuwa taswira hiyo ni kinyume cha Kanjogera. Kwa hakika, zote mbili zina asili moja: itikadi isiyokubali kwamba mwanamke anaweza kushiriki siasa kama mtu yeyote, kwa maslahi, kwa mikakati na kwa wajibu wa kujibu. Ama ni malkia dhalimu, ama ni mpishi asiye na hatia. Nafasi ya kati haipo.

Mahakama nazo zimetumia kipimo kingine. Mwaka 2009 mahakama kuu ya utawala ya Ufaransa ilithibitisha kumnyima Agathe hifadhi ya ukimbizi. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ya Paris ilikataa kumrudisha Rwanda. Na Agosti 2025 majaji wa uchunguzi waliamua kutomfikisha kizimbani. Zigiranyirazo alitiwa hatiani huko Arusha mwaka 2008, akaachiwa huru kwa rufani mwaka 2009. Masimulizi hutafuta mhusika. Sheria hutafuta tendo na ushahidi wake. Mhakiki anayevichanganya viwili hivyo huweza kumhukumu mtu kwa lakabu, au kumtakasa kwa sababu tu lakabu haikuthibitishwa.

Katika Kiswahili cha Kindu mke huitwa "bibi", neno ambalo pwani humtaja pia mwanamke wa heshima au nyanya. "Bibi ya rais" basi ni mtu anayetambulishwa kwa mwingine, kana kwamba hana tendo lililo lake. Wanafunzi watakaokusanya masimulizi ya Lubutu kuhusu miaka ya 1996 na 1997, kabla mashahidi hawajatoweka, wana kazi ya kuuliza kila mara: nani alitenda, na jina lipi linamficha?